Kizibao cha Desmond Thackray

Desmond Thackray wa Barnsley alizaliwa mfupi, akakua mfupi, na hilo hajalikubali mpaka leo. Mkewe, Noreen, alikuwa anamkumbusha kila siku, lakini sikio lililokataa halina dawa.

Kazi yake ilikuwa snuka, ule mchezo wa kutia mipira ya rangi kwenye mifuko ya meza kwa fimbo. Miaka thelathini anazunguka nayo, Preston, Leicester, Llandudno, na kikombe hajabeba hata kimoja. Wapo watu wa namna hiyo: si wa kushinda, ni wa kuwepo. Ila kuwepo nako kunapangwa. Msimu ukiisha wanaandika majina kwa daraja. Wa kwanza mpaka wa sitini na nne wanabaki kwenye kazi, wa sitini na tano anakwenda kwao. Aprili ile Desmond alikuwa wa sitini na sita. Akishinda mchezo mmoja tu pale Sheffield, anabaki. Akishindwa, shemeji yake keshamwekea nafasi kwenye duka la mazulia, na duka lile hata panya hawalitaki.

Ugomvi wa nyumba ile ulikuwa egemeo. Ni ile fimbo yenye msalaba kichwani. Unaiweka mezani, unalazia fimbo yako juu yake, unaupiga mpira usioufikia. Mabingwa wote wanaitumia. Desmond alisema ni gongo la vikongwe. Yeye anapanda meza, mguu mmoja hewani, tumbo limelala kitambaani kama mtu anayetafuta pete uvunguni. Noreen alimwambia hilo tumbo litamponza. Akajibiwa kuwa aliyelilea ni yeye na mikate yake ya nyama.

Basi siku ikafika. Mpinzani alikuwa Lachlan Pirie, kijana wa Dundee, mrefu kama nguzo ya taa. Wakaenda sare, nne kwa nne, imebaki fremu moja, duru ya kuamua. Desmond ana pointi hamsini na nane, kijana arobaini na sita, na mezani pana bluu ya pointi tano, pinki ya sita na nyeusi ya saba tu. Desmond akiitia mfukoni ile bluu, habari ya kijana imekwisha.

Mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ulikuwa mbali. Mwamuzi alimtolea egemeo, Desmond akatikisa kichwa. Akapanda. Akajinyoosha. Halafu, kabla ya kupiga, akashuka taratibu kama mtu aliyekalia yai.

"Nimegusa pinki," alisema. "Kifungo cha kizibao."

"Mimi sijaona," alisema mwamuzi.

"Huwezi kuona. Tumbo ni langu, nimelisikia mimi."

Nusu ya ukumbi wakapiga makofi. Noreen hakupiga. Mumewe angenyamaza, asingemsamehe, na kwa kugusa pia hakumsamehe. Kugusa mpira kwa nguo ni kosa, kwa hiyo kijana akapewa pointi sita za pinki, akasimama pale pale aliposhindwa Desmond, akainama bila kupanda popote, akatia bluu, akatia pinki. Sitini na tatu kwa hamsini na nane.

Imebaki nyeusi. Kijana akaanza kutabasamu, na anayetabasamu kabla mpira haujaingia amejitakia mwenyewe. Nyeusi ikagonga mdomo wa mfuko ikagoma, na mweupe ukatulia katikati ya meza, mahali ambapo Desmond hafiki hata akiota mabawa.

Desmond akaizunguka meza mara mbili. Akatazama viti. Kupiga kelele hakuruhusiwi, kwa hiyo Noreen alijipigapiga tumboni tu, mara mbili, polepole. Watu wa nyuma wakabana vicheko. Desmond akawa mwekundu mpaka masikioni, akainama, akachomoa egemeo chini ya meza. Akapiga. Nyeusi ikaingia bila kugusa ukingo.

Kijana alimpa mkono kiungwana. "Mzee, ungenyamaza tungekuwa tumeshamaliza."

"Ungeshindwa mapema, mwanangu. Sasa umeshindwa na umechoka."

Kantini Desmond na Noreen walikaa na chipsi na njegere za kupondwa, wakingoja orodha ibandikwe ukutani. Ilipobandikwa, Desmond aliisoma kuanzia chini, kama alivyozoea, na safari hii hakupanda sana.

"Wa sitini na nne," alisema, akirudi mezani kwa maringo.

"Wa mwisho," alisema Noreen. "Nyuma yako ni mlango tu, mume wangu."

"Ndiyo. Na mimi niko ndani."