Utomvu Usiomtaka Yaqiu

Utomvu wa kwetu, ule wa miti tunaopakia mabakuli, huchagua watu. Nilipoolewa katika ukoo wa Xiang, mama mkwe alinipaka tone moja nyuma ya sikio kabla sijavua viatu vya harusi, kisha akanichunguza siku tatu. Sikuvimba. Akanipa brashi ya kupakia utomvu, akasema, "Wewe ni wa hapa." Wake waliovimba walipelekwa kwenye mashamba ya viazi. Mimi nikaingia karakana, na ujana wangu ukaishia humo.

Mume wangu alikuwa akikwea miti, akichanja magome na kukinga utomvu kwa makombe ya kome. Alianguka, akafa, binti yetu wa pekee, Yaqiu, akiwa na miaka minne. Tangu hapo, miaka kumi na tisa, ninayechuja ni mimi, ninayepaka ni mimi, ninayesugua ni mimi. Bakuli moja tabaka thelathini, na kila tabaka likauke ndani ya kabati lenye unyevu, maana utomvu huu haukaushwi na jua. Lakini kwenye ukumbi wa kijiji pana bamba la shaba limeandikwa: Mrithi wa Ufundi, Xiang Dengke. Huyo ni kaka wa marehemu. Mara ya mwisho kushika brashi alikuwa bado ana nywele kichwani.

Nilipomuuliza, alicheka.

"Shemeji, mrithi anahojiwa, anajaza fomu, anakwenda mkoani. Wewe hata karatasi yenye jina lako unaishika juu chini. Halafu wanataka mrithi mwenye mwanafunzi. Wako yuko wapi?"

Sikuwa naye, na sababu aliijua. Yaqiu alipokuwa na miaka sita aligusa mfuniko wa pipa la utomvu. Siku hiyo alicheza kama kawaida. Siku ya pili uso ulifura hadi macho yakapotea, na pumzi ikawa inapiga mluzi kooni. Dengke mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Daktari alituambia wote wawili: ikirudi, itakuja mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Nikaweka kufuli kwenye mlango wa karakana.

Mwaka huu, miti ilipoanza kuchipua, Dengke alikuja na karatasi na kisahani cha wino mwekundu.

"Ya kuezeka paa la karakana, shemeji. Bonyeza hapa."

Paa lilikuwa likivuja kweli. Nikabonyeza dole gumba.

Mwezi wa nane wakaja wakaguzi watano kuona kama ufundi wetu unafaa kuingia kwenye orodha ya urithi ya mkoa. Mimi nilipangiwa jikoni, nyama ya moshi na viazi. Nilipopeleka chai karakana nikakuta kufuli limekatwa. Yaqiu alikuwa amesimama mbele ya pipa, amevaa nguo mpya ya bluu, brashi yangu mkononi. Hakuvaa glavu.

"Toka hapo!" nikasema.

Dengke akawachekea wageni. "Huyu ndiye mama mtu. Ana wasiwasi kama kuku mwenye kifaranga kimoja."

Wakacheka. Mzee mmoja mwenye miwani akainua karatasi. "Lakini mama, si uliridhia mwenyewe? Kidole chako hiki hapa. Mwanafunzi: Xiang Yaqiu."

"Sijui kusoma. Niliambiwa ni paa. Mtoto huyu utomvu haumtaki, utamuua. Na anayepaka mabakuli hayo ni mimi, si huyo mwenye upara!"

Mzee akashusha karatasi. Kisha Yaqiu akasema, polepole, bila kunitazama:

"Mama, mimi najua kusoma. Baba Mkubwa alinionyesha, nikakubali."

"Ulikubali nini?"

"Kila siku unalia kwamba huna wa kukurithi, na mimi niko uani nakupasulia kuni. Nilivimba nikiwa na miaka sita. Sasa nina ishirini na tatu."

"Weka chini, mwanangu."

"Usiniaibishe mbele za watu."

Akachovya. Alipaka vizuri, sitadanganya. Mkono ulikuwa mkono wangu. Tone likamdondokea kwenye kifundo cha mkono, akalifuta kwa kiganja. Wakampiga picha, wakampigia makofi. Kisha Dengke akawapakia wageni kwenye gari pekee la kijiji, wakaenda mjini kula.

Yaqiu akaninyooshea mkono. "Unaona? Safi kama yai."

Nikafunga nguo mbili kwenye kitambaa, nikamvuta hadi barabarani, nikasimamisha lori la kabichi.

"Tunakwenda hospitali," nikamwambia dereva.

"Mgonjwa yuko wapi, mama? Naona warembo wawili tu."

"Hata mimi namuuliza hivyo hivyo, kaka," Yaqiu akasema.

Tulikuwa tumepita kona ya kumi simu yake ilipolia. Nilisikia sauti ya Dengke na vikombe vikigongana. "Tumepita! Kuanzia mwezi ujao, onyesho kila Jumamosi, na wewe ndiye utakayepaka. Mwambie mama yako!"

Yaqiu akalia kwa furaha. Akanikumbatia, akasema nimsamehe, akasema bamba atakalopewa yeye atawaambia waandike jina langu. Huku anasema, kucha zake zikawa zinapita shingoni, chini ya sikio, zinapita tena.

"Mbu," akasema.

Katika milima yetu hakuna mbu. Nikamwambia dereva aongeze mwendo.