Mbwa Aliyewavusha Nyumbu

Saa mbili asubuhi, Mama Gundi amesimama mbele ya meza ndefu ya kiwanda cha uchapaji, brashi mkononi, anapaka gundi migongo ya vitabu. Hana haraka. Anafungua kimoja katikati, anasoma mistari miwili kwa sauti, anajiambia "haya," kisha anachukua kingine.

"Acha wenzangu wanicheke kwa kukagua kila kitabu," anasema. "Yaliyonikuta mwezi uliopita, nusura roho initoke."

Mama huyu anayemlea binti yake peke yake amekuwa akifunga vitabu, yaani kuunganisha kurasa na majalada, tangu usichana. Mwezi huo alipewa vitabu viwili vya watoto kwa mpigo: kimoja cha mbwa wanaofanya kazi, kingine cha wanyama wanaohama. Ukubwa ule ule, karatasi zile zile, hata namba za kurasa zinalingana. Katikati ya kazi akaitwa mlangoni kupokea mzigo. Aliporudi, akaendelea kupanga kurasa za mbwa, kumbe mkono unachota za nyumbu.

Bosi alikuwa ameshamwonya: akikosea tena, atafute kazi kwingine. Na gari la kupeleka vitabu shuleni lilikuwa nje, linanguruma.

Alipofungua kitabu kimoja, lahaula! Kushoto, mbwa anamwongoza bwana asiyeona hadi ukingo wa barabara. Kulia, nyumbu wanajitosa mtoni.

"Nikajisemea, leo kibarua kimeota nyasi."

Hakuficha. Alimwita bosi, wakafungua maboksi yote. Salama salimini! Vilivyochanganyika ni vile vya mezani tu, na gundi ilikuwa bado mbichi. Wakavibandua na kuvipanga upya, bosi mwenyewe kakunja mikono ya shati.

"Alinitazama, akaangua kicheko. 'Mama Gundi, ulitaka kumtosa bwana wa watu mtoni?' Nikacheka mpaka nikalia. Jamani, nilishusha pumzi!"

Kuanzia kazi ijayo, kurasa za kila kitabu zitapigwa alama ya rangi yake ukingoni kabla ya kupangwa. Wazo ni lake, na bosi amemwahidi kumpa wafungaji wapya awafundishe. Hilo ndilo analolisubiri kwa hamu.

Nakala moja tu kati ya zile zilizochanganyika ilikuwa imeshakauka, haikubanduka. Alipewa ampelekee binti yake, ambaye sasa hataki kusikia habari za kitabu kingine.

"Mama, yule mbwa aliwavusha nyumbu wote?" humuuliza kila wakifika katikati.

"Wote, mwanangu," humjibu. "Na mama yako nyuma yao."