Nyumba Tatu Nilizozitaja

Hebu niambieni, nyinyi mnaonisoma kila wiki: jirani yenu wa mlango wa tatu ni mtu wa wapi, kabila gani, mwajua? Mimi najua. Wa tatu, wa kumi, mpaka mwisho wa mtaa wetu wa Kuze najua. Skuli nilitolewa mapema, hata haya mjukuu wangu ndo anayeandika, mimi nasema tu. Lakini nyumba, niulizeni mimi. Ukiwa na harusi mtaani kwetu hutumi kadi peke yake, wanituma mimi nivae buibui langu nikapige hodi mlango kwa mlango, kila mtu aalikwe kwa mdomo. Akifa mtu pia ni mimi. Basi Jumatatu nilizunguka tena, na safari hii nilikuwa nikimtangaza shoga yangu, yule mshonaji mapazia wa chumba cha chini, Mnyarwanda. Amefia usingizini. Yeye Mkristo, na siku ya msiba mlangoni kwake ukikanyaga, wakanyaga viatu vya Waislamu watupu.

Tulipatana kwa sababu yeye mnyamavu na mimi mdomo wangu haupumziki. Yeye akishona, mimi barazani nasema. Tulijua watu wa kwao waliuliwa, lakini hakuna aliyemuuliza. Siku moja nilikuwa najikumbusha nyumba za kualika, nazihesabu kama naimba: hapa Wabajuni, hapa Mkamba aliyesilimu, hapa Mjaluo fundi stima, pale juu Mkikuyu msusi na wanawe wawili. Cherehani ikanyamaza.

"Dada, yote hayo wayajua ya nini?"

Nikacheka, n'kamwambia nisiyajue vipi na mimi ndo redio ya mtaa.

"Kwetu pia alikuwako mama kama wewe," akasema. "Mcheshi, anapendwa. Harusi yangu aliialika yeye."

Akarudi kwenye pazia lake. Mimi, wallahi, nilidhani anamsifu mwenzangu.

Halafu uchaguzi ukakaribia. Wakaja vijana wawili, nguo safi, adabu tele, shikamoo bibi, na daftari mkononi. Wakasema wameambiwa Kuze hakuna aijuaye kama mimi. Ati wanaandika tu wapangaji wa kutoka bara, ikitokea vurugu wajue pa kuwaangalia. Hawakusema wametumwa na nani, nami sikuuliza. Nilifurahi mno kuulizwa! Nikawatilia kahawa, nikaweka na kashata. Nikataja nyumba ya kwanza. Nikataja ya pili. Ya tatu ya yule msusi, na hapo nikaongeza, bila ya kuulizwa, kuwa mumewe yuko safarini, harudi mpaka Alhamisi.

Shoga yangu akatoka ndani, futi ya kupimia shingoni. Akaja akaketi kati yangu na wao, akaitazama ile birika.

"Yule mama wa kwetu," akaniambia polepole, "naye wenye daftari aliwatilia chai."

Hapo ndo nikafahamu hakuwa akimsifu. Nikaanza kubabaika, nikawaambia wale vijana mimi mzee nimechanganya, watu hao walishahama zamani. Wakatabasamu, wakamaliza kahawa, wakashukuru, wakaenda na daftari lao. Siku ile ile tukazunguka sisi wawili, na hodi ninayoipiga maisha yangu yote, siku hiyo nilipiga kuwaambia watu wafunge milango. Msusi alipofungua akadhani namletea harusi. Nilipomwambia hakunitukana, na afadhali angenitukana. Jioni hiyo aliondoka na wanawe. Uchaguzi ukapita salama, alhamdulillahi, hakuna aliyeguswa. Lakini dirisha lake mpaka leo limefungwa, na lile daftari sijui liko wapi.

Mwaka uliofuata mjukuu wangu akaja na habari kuwa chuo kikuu anachosoma huwa na siku ya ukumbusho wa mauaji ya kwao shoga yangu kila Aprili. Wanatundika picha, wanafunzi wanaigiza, ngoma zinapigwa, wataka na mtu aliyeyaona kwa macho yake. Shoga yangu akakubali, nami nikamsindikiza. Wale watoto mwanzo walikuwa kwenye simu zao. Yeye hakuwaambia habari za mapanga. Aliwaambia harusi yake, nani alialikwa, mlango upi ulikuwa wa buluu. Mpaka akafika pale ambapo ndugu zake wote waliuliwa kwa kuwa ni Watutsi. "Na waliokuja," akasema, "hawakuuliza njia." Ukumbi mzima simu zikashuka. Walimu wana jina la mambo hayo, mauaji ya kimbari. Yeye alisema tu habari za milango.

Alikwenda kila mwaka, na kila mwaka alimtaja yule mama wa kwao. Wa Kuze, mimi, hakumtaja. Alinisitiri, na ule usitiri umenikaa kifuani. Kwa sababu mimi bado nazijua nyumba zote. Kule kujua kwangu kunakoleta watu kwenye pilau ndo kule kule nilikokutia kwenye daftari. Na siku hizi hawahitaji tena bibi wa barazani: kwenye simu nasikia watu wakisomeana nani mwenyeji, nani wa kuja, nani anakaa wapi, na wanacheka, kama nilivyokuwa nikicheka mimi. Msifurahi sana mkiulizwa, wanangu. Muulizeni kwanza anayeuliza ayataka ya nini.

Baada ya mazishi mjukuu wangu akaniambia chuo kimemtaka asimame yeye Aprili hii. N'kamwambia vizuri, aseme kama alivyosema marehemu.

"Nitasema," akanijibu. "Na ya baraza letu pia, bibi. Kahawa na zile nyumba."

Hata na sasa anaandika haya hanitazami. N'kamwambia aniahidi basi kuwa hatapunguza hata nyumba moja kwa kunionea haya.

"Zote tatu, bibi," akasema. "Na ile Alhamisi ya mume wa msusi nitaitaja."