Shikamoo ya Pikipiki

Juzi jirani alikuwa akihangaika na pikipiki kuukuu, na harufu ya petroli ikanirudisha utotoni, uani kwetu Tingi, alasiri moja. Alasiri ile shangazi alikuwa anaolewa Kivinje. Baba ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha, na pikipiki yetu iligoma kuwaka.

Mama aliwahi kuniambia pikipiki ile ni mzee kuliko baba, kwa hiyo niliiamkia kila asubuhi. Siku hiyo nilisahau. Niliamini nimeivunja ndoa ya shangazi.

Baba alifungua kabureta, akapuliza kitundu chake mpaka mashavu yakamvimba, akairudisha. Nikaisogelea taa ya mbele ya pikipiki.

"Shikamoo."

"Unamwamkia nani, mwanangu?"

"Mzee amekasirika."

Baba akavua kofia. "Shikamoo, mzee." Akapiga kiki, ikanguruma.

Leo najua kitundu kilikuwa kimeziba kwa uchafu. Siku ile nilimkumbatia baba mgongoni, nikipiga kelele mpaka Kivinje kwamba mzee ameitikia.