Chungu cha mama nilichokikuta kwenye mize ya Fizi

Wakuu, na wewe unayepita tu, weka simulizi nyingine kando kidogo unisikilize. Nimefika umri wa kupondewa nyama, lakini haya nimeyaandika mwenyewe, na yalinipata hivi hivi.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru wa Kongo yetu, nilimfanyia kazi tajiri mmoja wa Baraka. Nilipeleka ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, hadi Lulimba kwa kamyo, yaani lori, nikarudi na mpunga. Kulala ni juu ya magunia. Mgongo ulikuwa haujui kitanda.

Safari moja, wakati wa kurudi, tulisimama Fizi. Niwaeleze: barabara ya kushuka mlima ilikuwa nyembamba, magari yakipita kwa zamu. Yanayopanda yakiisha, ngoma inapigwa, nanyi mnashuka.

Dereva akaniambia nilale. Nikakataa. Siku zote nilisikia habari za mize ya Fizi, yaani makumbusho, sijawahi kuiona.

Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya biro, ofisi ya serikali. Mzungu mmoja alikusanya humo vinyago, viti na mikuki yetu. Mlinzi wake, Alimasi, nilikua naye Baraka.

"We Ramazani, unanuka ndakala! Vinyago vitapiga chafya."

"Hiyo ni harufu ya mushahara. Fungua."

"Ingia. Lakini usiguse kitu, muzungu iko mukali."

Nikaingia nikicheka. Kwenye rafu ya mwisho kulikuwa na chungu cha maji.

Hapa twende polepole, wakuu. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, akichota udongo wake mtoni Mutambala. Kila chungu alikibonyeza shingoni kwa vidole vinne, na alama ya kidole cha mwisho ilikuwa fupi, maana jembe lilimkata akiwa msichana. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Na kwa upande wa mama, mwanamke akifa vyungu vyake vyote vinavunjwa kaburini, aende navyo. Kikibaki kimoja, hafiki kwa wazee waliotangulia. Anarudi kukitafuta. Mama mudogo, yaani mdogo wake mama, ndiye aliyevunja vile vya mama. Hata kwa majirani alipita kuulizia.

Sasa naziona alama zile. Tatu ndefu, moja fupi.

"Alimasi, hiki kilitoka wapi?"

"Muzungu alinunua soko ya Baraka, zamani. Juu ya nini unauliza?"

"Ni cha mama."

Kisha akakishusha yeye mwenyewe, akanipa.

Vidole vyangu vikaingia kwenye alama za vidole vyake. Udongo ulikuwa wa baridi.

"Ukiangusha," akasema kwa sauti ndogo, "ni mi batafunga jela."

Ngoma ikalia. Nikakirudisha kwenye rafu.

Baraka nikamweleza mama mudogo. Hakulia. Aliuliza tu: "Kiko kizima?"

"Kizima."

"Basi dada yangu iko angali njiani."

Akanifungia mbuzi wake wa pekee, nikakomboe naye chungu. Safari iliyofuata nilimpandisha kamyoni, akala kamba za magunia njia nzima. Fizi nikakuta chumba kitupu. Mzungu alikuwa amerudi kwao Ulaya na masanduku yake.

"Nilikifunga mi mwenyewe na majani makavu," Alimasi akasema. "Hakitapasuka." Alidhani ananifariji.

Niliporudi Baraka, mama mudogo alimwona mbuzi akishushwa kamyoni, akaketi chini pale pale barabarani. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake aliweka kikombe cha maji mlangoni, ili dada yake akipita na kiu anywe.

Nilichojifunza: kitu kinaweza kutunzwa vizuri sana, na mwenyewe akateseka. Ukiingia mize, usiulize tu kitu ni cha zamani gani. Uliza ni cha nani.

Mlio Ulaya, niandikieni hapa chini mliyoyaona huko. Na ukikuta chungu chenye alama tatu ndefu na moja fupi shingoni, usikivunje, watakufunga. Simama mbele yake, useme kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika: "Mama Ramazani, nenda tu. Mdogo wako ametangulia."