Nilimfukuza Mapokezi, Leo Mwanangu Anamwita Bibi

Jamani, mie nina kosa, na sijawahi kulisema kwa mtu. Hata mume wangu hajui. Nalitoa hapa kwa sababu nyie hamnijui.

Nilikuwa mapokezi kwenye zahanati moja ya binafsi Manzese. Nilikuwa na mdomo, acheni tu! Mgonjwa akinisalimia, namjibu kwa kidevu. Wenzangu wanacheka, nami kichwa kinavimba.

Asubuhi moja niko kwenye simu, naongea na shoga yangu habari za sare ya harusi. Akaja mama mmoja dirishani. Nimevaa barakoa, hata uso sikuinua.

"Samahani mwanangu, mume wangu yuko nje kwenye bajaji, kifua kimembana..."

"Mama, huoni naongea? Nyie watu mkoje? Kakae kule usubiri!"

Alisubiri. Akarudi tena kwa unyonge, nikamwambia asinipumulie. Nilipokata simu, hayupo. Na nikashukuru!

Baadaye nikaolewa, nikahamia Chang'ombe, nyumba ya kupanga. Chumba cha jirani anakaa mjane, Mama Mwanaidi. Alinipokea kama bintiye wa kumzaa. Nilipojifungua alinikanda, akanipikia uji wa pilipili manga. Mpaka leo nikienda kazini, mwanangu anashinda kwake, anamwita bibi.

Siku moja tunachambua mchicha uani, nikamuuliza mumewe alifariki kwa nini.

"Moyo, mwanangu. Tulianzia zahanati moja kule Manzese. Binti wa mapokezi akanifokea, nikaona haya kumsogelea tena. Tukaondoka. Hospitali hakufika, alikata roho Ubungo, tuko kwenye foleni."

Nikauweka mchicha chini. "Huyo binti ukimwona utamjua?"

"Sura sikuiona, alivaa barakoa. Nilimsikia tu akicheka na simu, sare ya harusi sijui iwe ya njano." Akatupa mizizi ya mchicha pembeni. "Namwombea tu, mzazi wake akiumwa asije akajibiwa vile."

Ya Rabi! Nilikimbilia bafuni, nikafungulia bomba nisisikike, nikalia.

Nikamwambia mume wangu tuhame. Akanishangaa. "Tumwache mama huyu? Una wazimu? Mtoto atalelewa na nani?" Tukabaki.

Nimeshamfuata nimwambie, si mara moja. Nafika mlangoni, namkuta kampakata mwanangu kalala kifuani pake, ananionyesha kwa kidole nisipige kelele. Narudi. Nikisema, nampoteza. Nisiposema, kila akiniitikia "marahaba mwanangu", nainamisha uso. Labda yule mzee angekufa hata ningemwita daktari. Labda asingekufa. Hakuna wa kuniambia!

Nyie mnaokaa madirishani, inueni nyuso, muwasikilize watu. Na kama umeshamkosea mtu, mkimbilie leo umwombe radhi, angali mgeni kwako. Akishakuwa mama yako, mdomo haufunguki.