Nilitaka Mursik ya Mshindi

Nyinyi mliokaa kwenye benchi hili na vikopo vya makohozi mkononi, niangalieni vizuri. Mimi ni Zuhura, fundi cherehani, kwetu Tabora. Nilikuja Eldoret kushona sare za shule dukani kwa Mzee Abdi. Nilijua sitakaa milele, kwa hiyo nikajiwekea mambo ya kufanya kabla sijarudi nyumbani: kukamua ng'ombe, kuliona Bonde la Kerio kutoka juu, na kukimbia mbio hadi mwisho nipewe mursik, yale maziwa ya kibuyuni wanayopewa wakimbiaji wa huku wakirudi na ushindi.

Mama Chebet, mwenye nyumba niliyopanga kule Yamumbi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe hata ukiitisha chai unasema naomba," akasema. "Sasa huko kwa mbio utaomba njia?"

Ng'ombe nilimkamua. Alinipiga teke, lakini maziwa yalitoka. Kerio nikaiona. Zikabaki mbio. Nilikuwa nakimbia kila asubuhi hadi barabarani na kurudi, kisha pumzi ikaanza kukatika. Nikasingizia baridi. Kikohozi hakikuisha, na usiku nilitoka jasho mpaka shuka likawa la kukamua. Sketi zangu nilizipunguza kiuno kwa mkono wangu, tena na tena, na bado nikajidanganya. Siku niliyotema damu kwenye beseni, Mama Chebet alinishika mkono tukaenda hospitali.

"Ni TB," daktari alisema. "Inapona. Lakini dawa usiruke hata siku moja."

Dawa zile hugeuza mkojo rangi ya chungwa. Mara ya kwanza nililia chooni nikidhani ni damu. Nikajitengea kikombe changu, nikakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio. Kwa Mama Chebet mursik ilinywewa kwa kupokezana kikombe kimoja, na kile cha uzi hakukipenda. Mimi niliogopa kumwambukiza.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka 2007, na matokeo yake yakazua vita. Moshi wa nyumba zilizochomwa ulipanda upande wa pili wa Yamumbi, na sisi wa kuja, tulioitwa wageni, tukakimbilia kwenye uwanja wa polisi mjini. Nilibeba mkasi na sufuria. Dawa nikazisahau chini ya mto. Barabara zilishafungwa kwa mawe na magogo. Nililala chini nikikohoa kwenye khanga, watu wakisogea mbali nami, nikajua nitafia ugenini.

Kesho yake nikaona kitambaa cha kichwani cha Mama Chebet kikipenya kati ya watu, kibuyu begani. Alikuja kwa miguu. Kwenye kila kizuizi aliwamiminia vijana mursik, wakanywa, wakampisha. Walikuwa watoto wa majirani zetu, wengine nimewashonea sare, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Dawa zangu alikuwa amezifunga kiunoni, ndani ya nguo.

"Na mimi mursik yangu iko wapi?" nilimtania huku nalia.

"Hiyo yako si ya kuletewa," akasema. "Hiyo utakimbia ndio upate."

Sikuruka dawa. Pole pole hamu ya chakula ikarudi, na sketi nikaanza kuzipanua. Mwishowe daktari akapima makohozi akasema ni safi, siambukizi mtu. Namshukuru yeye, namshukuru Mungu. Nanyi mezeni dawa hata siku mnayojiona mmepona, hiyo ndiyo siku ya hatari. Na mtu akija kuwaona, msimfukuze kwa aibu.

Lakini sijawaambia kuhusu mbio. Zilikuwa za kule Kesses, mwaka uliofuata. Nilikuwa wa mwisho. Nilifika utepe umeshakunjwa na watu wanaondoka, ila Mama Chebet alikuwa amesimama palepale na kibuyu chake. Nikatoa kikombe changu kwenye mfuko, maana mazoea hayaishi upesi.

Alikichukua, akakata ule uzi mwekundu kwa meno, akautema. Akamimina mursik. Akanywa yeye kwanza, hadi nusu, akanipa kikombe kile kile.

"Kunywa," akasema. "Na usiombe."